Mzee Abdulatif Amekataa Kahawa

Benchi letu lilikuwa ubao wa boti iliyokwisha kazi, umelazwa juu ya matofali, kwenye kona ya Ujiji ambapo njia ya sokoni inakutana na ile inayoteremka ziwani. Khamisi muuza kahawa alitua hapo na dele lake kila siku baada ya sala ya alasiri. Mimi nilishona viatu pembeni, ndiyo maana waliniita Soli. Waliokaa kila siku walikuwa watatu. Kapteni, ambaye miaka yote aliyofanya kazi melini alikuwa jikoni akimenya viazi. Daktari, aliyelinda mlango wa zahanati miaka kumi na tisa, akastaafu na koti jeupe. Na Redio, aliyekuwa na redio kubwa ya mbao nyumbani na hakuamini kwamba jambo limetokea mpaka litangazwe. Wa nne alikuwa Mzee Abdulatif, fundi cherehani aliyepumzika kazi, mgane, na mahali pake mwisho wa ubao palikuwa wazi tangu Idi. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1996, masika yameshika, na huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu Warundi waanze kuvuka kwa wingi kuja kwetu.

— Leo siku ya ishirini na nne, alisema Redio. Mtu hakanyagi hapa.

Khamisi alipuliza mkaa wake.

— Jana nilimpelekea kikombe mpaka nyumbani. Akakishika, akakinusa, akanirudishia kimejaa. Akaniomba radhi kana kwamba amenivunjia dele.

— Basi ni damu, alisema Daktari. Damu yake imekuwa nzito. Damu ikiwa nzito inakataa kahawa yenyewe, mwenye mwili hata haulizwi.

— Wee bwana, damu inakataaje kahawa? aliuliza Khamisi.

— Mimi nimekaa zahanati miaka kumi na tisa.

— Mlangoni.

— Kwani wagonjwa walikuwa wanapitia wapi, dirishani?

Kapteni alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza watoto.

— Nyie hamuwajui wanaume. Yule anataka kuoa. Hamjamwona yule mama wa Zaire anayeuza mawese kule karibu na machinjio? Mjane. Mnene, mcheshi. Kabla ya Ramadhani Mzee Abdulatif alinunua mawese kwake mara mbili kwa wiki moja. Sasa hali, hanywi. Anapunguza mwili.

— Apunguze mwili gani? alisema Khamisi. Mzee mwenyewe mwepesi kama jogoo.

— Ndiyo ujue amedhamiria.

— Hayo yote madogo, alisema Redio, akasogea mbele ili tumsikie vizuri. Ile nyumba mnajua iko juu ya nini? Babu wa babu yake alikuja huku na misafara. Pembe za ndovu zilizokosa wapagazi zilifukiwa. Zilifukiwa wapi? Chini ya chumba anacholala. Sasa pembe kama zile zina mlinzi. Mlinzi akiamka anampa mwenye nyumba masharti. Usile. Usinywe. Usitoke nje.

— Hayo umeyasikia redioni? aliuliza Daktari.

— Yakitangazwa si watakuja kuchimba?

— Na huyo mlinzi kalala miaka mia, leo kaamshwa na nini?

— Na vishindo. Watu wote hawa wanaovuka na kupita huku, unadhani kule chini hawasikiki?

Aliposema hivyo alikuwa anamtazama mtu aliyekaa kwenye kigoda changu, mguu mmoja peku, akingoja nimalize kushona mkanda wa ndala yake. Huyo alikuwa Gélase, Mrundi, seremala, umri kama miaka arobaini. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali na alifanya kazi kwa fundi mmoja wa Rusimbi. Alipofika alitusalimia kwa adabu, akakaa. Hakuagiza kahawa na hakuchangia neno. Alipotazamwa na Redio aliinamisha macho, akaangalia mguu wake.

Hapo ndipo Hasna alipofika. Hasna ni binti wa Mzee Abdulatif, anauza dagaa, mumewe alifariki zamani na alirudi kukaa na baba yake. Alikuwa bado ana magamba kwenye mikono.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje?

— Hivyo hivyo. Leo asubuhi kala matonge mawili. Maji nikimpa anayaonja, nikigeuka anayamwaga uani. Nimeukuta udongo umelowa chini ya dirisha lake. Hospitali nimempeleka, wamempima kila kitu, ugonjwa hawakuuona. Wamesema ni uzee.

— Si nimesema? Damu nzito haionekani kwenye kipimo, alinong'ona Daktari.

Hasna hakumsikia, au hakutaka kumsikia.

— Kaka yangu ameagiza kwamba mzee apande treni ya Ijumaa, aende Dar es Salaam akakae kwake. Mwenyewe hataki. Jana nilipomtajia alishika kitanda kwa mikono miwili. Wazee wangu, nyie ndio marafiki zake. Njooni mzungumze naye akubali.

— Dar atakufa, alisema Kapteni.

— Na hapa je? aliuliza Hasna.

Wenzangu wakaanza tena, safari hii kwa dawa. Daktari alitaka achemshiwe majani ya mpera. Kapteni alitaka aulizwe waziwazi habari za yule mama wa mawese, kwa kuwa siri ndiyo inayokausha mwili. Redio alisema kitanda kihamishwe, usiku huohuo, bila kuwasha taa. Hasna alisimama akiwasikiliza mmoja mmoja, na nadhani kama mmoja wao angesema kwa uhakika zaidi angekwenda kufanya alichoambiwa, kwa jinsi alivyokuwa amechoka.

— Samahani wazee, alisema Gélase. Choo chake kikoje?

Kapteni aliangua kicheko.

— Choo! Sisi tunazungumza habari za mtu asiyekula, wewe unatuletea choo?

— Ego, ndiyo, muzee. Ndiyo sababu nimeuliza.

Kicheko cha Kapteni kilikatika. Nilidhani mmoja wao angejibu. Khamisi alimtazama Redio, Redio akamtazama Daktari. Mimi mwenyewe nilijaribu. Mzee Abdulatif nilimjua tangu nikiwa kijana. Nilijua kofia zake zote, nilijua cherehani yake ya kwanza aliinunua kwa nani, nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la mkewe. Lakini kwamba mtu huyu akitoka chumbani asubuhi anapita wapi, anakanyaga nini na anashika nini, sikuwahi kuwaza hata siku moja.

Hasna ndiye aliyejibu, kwa mashaka.

— Ni choo cha shimo tu, kama vya watu wote. Kiko nyuma ya jiko.

— Kutoka mlangoni ni mbali?

— Hatua kama thelathini.

— Kuna ngazi?

— Tatu, za udongo. Kwani vipi?

— Naomba niende nanyi.

— Huyu naye aende kama nani? aliuliza Redio.

— Aje, alisema Hasna.

Nilimrudishia Gélase ndala yake, nikafunga kisanduku changu, tukamfuata Hasna: Kapteni, Daktari, mimi na huyo seremala. Redio alikwenda kwake kusikiliza taarifa ya habari.

Mzee Abdulatif alikuwa amelala sebuleni kwenye kitanda cha kamba. Alivaa kanzu safi. Shingo yake ilikuwa imekonda hata kola imebaki wazi pande zote, naye ni mtu aliyewashonea wenzake kola miaka hamsini. Alifurahi kutuona. Aliuliza habari za Khamisi, za Redio, za mvua. Kapteni akaanza hotuba ya Dar es Salaam, kama Hasna alivyoomba: umeme haukatiki, wajukuu wapo, hospitali kubwa kubwa.

— Sitaki, Kapteni, alisema mzee kwa upole. Nyumba ile ni ya mkwe. Nikae chumba kimoja nikisikilizwa kila ninapokohoa? Niacheni hapa.

— Lakini hapa huli.

— Nakula kinachonitosha.

Gélase aliomba aonyeshwe choo. Hasna alimwonyesha kutoka mlango wa jikoni, akarudi. Yule bwana alikaa huko muda mrefu mpaka Daktari akaanza kudhani anaumwa tumbo. Aliporudi miguu yake ilikuwa na tope hadi kwenye vifundo. Alimwomba Hasna chai, na mimi niliona kwamba hakuwa na haja ya chai. Hasna alipoingia jikoni, akachuchumaa karibu na kitanda, uso wake ukawa sawa na uso wa mzee.

— Muzee, ulianguka lini?

Mzee Abdulatif alitazama kwanza mlango wa jikoni.

— Nani kakwambia?

— Ukuta. Kuna alama za vidole kwenye udongo. Zimeanzia juu, zikateremka mpaka chini.

Kapteni alifungua mdomo, nikamshika mkono. Mzee alisikiliza sufuria za jikoni. Kisha akatueleza, kwa sauti ya chini, bila kututazama.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua tangu mwaka jana, lakini siku hiyo alipochuchumaa yalikataa kabisa kumwinua. Alishika ukuta, ukuta ulikuwa umelowa. Akaanguka ubavu. Hasna alikuwa sokoni. Alikaa pale chini tangu adhana ya alasiri hadi karibu na magharibi, mguu mmoja ukiwa ukingoni mwa shimo, akiogopa hata kuita, kwa kuwa jirani wa upande ule ni mke wa mtu. Mwishowe alijiburura mpaka mlangoni, akasimama kwa kushika mti wa fremu. Alifua kanzu mwenyewe kabla binti yake hajarudi.

— Nikaanza kuhesabu, alisema. Nikila hivi, nitakwenda mara moja kwa siku. Nikila nusu, mara moja kwa siku mbili. Nikiacha maji na kahawa, siku ya tatu. Ramadhani ilinisaidia sana. Mchana wote hakuna anayekuuliza. Ilipoisha ndipo tabu ikaanza.

— Sasa kwa nini hukusema? aliuliza Daktari. Sisi si tupo?

— Niwaambie pale benchini? Mbele ya Redio?

— Na Hasna? nikamuuliza mimi.

— Hasna ni mwanangu, Soli. Nimwambie nini? Kwamba baba yako hawezi kuchuchumaa, njoo umshike? Mama yake angekuwepo ningemwambia siku ileile.

Gélase alikuwa bado amechuchumaa. Alisema mambo yake kwa kifupi, kwa Kiswahili chake cha upande ule.

— Mie nilikuja na mama yangu. Tulitembea siku nne. Chakula cha njiani alikula vizuri, porini hakuna shida. Tulipofika kambini akaacha kula. Tukasema anahuzunika, anakumbuka shamba lake, anakumbuka watoto waliokufa. Watu wa kanisa walikuja kumwombea. Wote tulikuwa tunamwambia mambo ya moyo. Alikufa mwezi wa pili tangu tufike pale. Kisha bibi mmoja, jirani yetu, ndiyo alinieleza. Vyoo vya pale vilikuwa miti miwili juu ya shimo. Mama alikuwa anaogopa ile miti. Alimwambia huyo bibi, mimi hakuniambia. Na mimi ni seremala.

Jikoni Hasna alikuwa ameacha kugonganisha vyombo. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi.

— Alikuwa na umri gani, mama yako? aliuliza mzee.

— Sabini na moja.

— Mimi sabini na nane.

— Naomba nipime urefu wa mguu wako, muzee. Kutoka goti mpaka kisigino.

Mzee Abdulatif alifikiri. Kisha akavuta kanzu yake juu kidogo, akanyoosha mguu.

Siku ya pili, Alhamisi, Gélase alifika asubuhi na mkokoteni. Alileta kiti cha mbao kisicho na mgongo, miguu minne minene, na katikati ya kikalio amekata tundu na kulipiga msasa hadi likawa laini kama bakuli. Alikiweka juu ya shimo, akakitikisa kwa uzito wake wote, akachimbia miguu. Kulia na kushoto alisimamisha nguzo za kushika. Kwenye nguzo ya kulia, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa, alipigilia kibao kidogo cha kuwekea kopo la maji, ili mzee asiiname kulitafuta chini. Hilo la kopo halikuwa limetujia kichwani hata sisi Waislamu. Halafu akavunja zile ngazi tatu za udongo, Daktari na mimi tukamsaidia kumwaga changarawe, tukapata mteremko mmoja mpole. Mwisho akafunga kamba ya katani kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa choo, usawa wa kiuno.

Tulipomaliza, tatizo likawa majaribio. Mzee hakutaka watu. Hasna alisema ana shughuli sokoni, akaondoka ingawa siku hiyo hakuwa na dagaa. Sisi tuliambiwa tukae upande wa mbele wa nyumba, na Kapteni aliambiwa azungumze kwa sauti. Alifanya kazi hiyo vizuri. Alitusimulia, kwa kelele ambazo mtaa mzima ulizisikia, jinsi alivyookoa meli isizame kwa sufuria ya ugali, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia. Alisimulia mpaka akaishiwa, akaanza upya. Gélase alikuwa ameegemea ukuta, anajing'oa kijiti kilichomchoma kwenye kidole gumba.

Mzee Abdulatif alirudi peke yake. Tulisikia kwanza kamba ikikwaruza mlango. Aliingia sebuleni, akakaa, akapumzika, akasema:

— Jikoni kuna nini?

Kulikuwa na ugali na samaki, migebuka ya mawese, chakula cha Hasna. Alikula chote. Kisha akaomba maji, akanywa kikombe, akaomba kingine. Daktari alikuwa anahesabu mafundo kwa vidole nyuma ya mgongo wake, nikamwona.

Hasna aliporudi akakuta sahani tupu. Aliangalia sahani, akatoka nje, akaangalia kamba na nguzo na kile kibao cha kopo. Nilimfuata kumpa pole, au hongera, sikujua ipi. Alikaa juu ya changarawe.

— Kwa nini hakuniambia, baba Soli? Mama yangu mimi ndiye niliyemwosha mpaka siku ya mwisho. Angedhani nitamcheka?

— Hakudhani utamcheka. Aliona haya tu.

— Miezi miwili nampikia, namlazimisha, namgombeza. Nilimgombeza, baba Soli. Nilimwambia unataka watu waseme nakunyima chakula.

Alilia kidogo, siyo sana. Halafu akasimama, akachukua kopo, akalijaza maji ya mtungi na kwenda kuliweka pale kwenye kibao. Ijumaa treni iliondoka bila mzee, na kaka yake Hasna aliandikiwa barua.

Wiki mbili zilipita kabla miguu ya mzee haijapata nguvu ya kufika kwenye kona. Siku hiyo alikuja na mkongojo, akakaa, Khamisi akamjazia kikombe. Redio alikuwa tayari na maelezo yake: mlinzi wa pembe ameridhika, kwa sababu yale mashimo ya nguzo yalimpa hewa. Daktari alisema damu imelegea kwa changarawe, maana kutuona tukibeba mawe kulimtia mgonjwa moyo, na moyo ndio pampu. Mzee Abdulatif aliwasikiliza wote wawili, akawashukuru.

Kapteni alikuwa anautazama mkongojo wa mzee. Tangu siku ile alikuwa amepungua maneno, na habari za yule mama wa mawese hakuzirudia tena.

Siku moja mwishoni mwa mwezi wa nne, dele lilikuwa limekauka na wengine wameshaondoka kuwahi magharibi. Nilikuwa nakusanya nyuzi zangu. Kapteni alikuwa bado amekaa. Gélase alipita akisukuma baiskeli yenye mbao, anatoka ziwani kuelekea Rusimbi, na Kapteni akainuka kwa kujishika kiuno, akamfuata hatua chache, akidhani mimi siwasikii.

— Fundi. Habari za kazi?

— Nzuri, muzee.

— Ninaye shemeji yangu mmoja, yuko Simbo. Mtu mzima. Magoti yake hayo, unajua tena. Nilikuwa nafikiri nimpelekee kitu kama kile. Kama utapata nafasi.

— Kibali changu kinaisha Jumamosi. Lakini ni kazi ya siku moja, Ijumaa utakipata.

— Eh. Basi vizuri. Ni shemeji tu, ndiyo maana.

— Urefu wake uko vipi, huyo shemeji?

Kapteni alitazama njia pande zote mbili.

— Kama mimi hivi.

Gélase aliegemeza baiskeli ukutani. Akatoa kamba ya kupimia mfukoni, akapiga goti moja kwenye udongo, akaanza kumpima Kapteni mguu, kutoka goti mpaka kisigino.